Mbio za Waingereza katika Nchi ya Wakisii

Mchezo uvukapo bahari haufiki kama ulivyotoka. Jigoro Kano aliasisi judo Tokyo mwaka 1882. Lakini Mikinosuke Kawaishi, aliyekwenda kuifundisha Paris mwaka 1935, alizipa mbinu zake nambari badala ya majina ya Kijapani, na wanafunzi akawavika mikanda ya rangi nyingi, ili Mfaransa aone wazi amepanda daraja gani. Huko mwalimu ndiye aliyegeuza mafundisho yake. Katika vilima vya Kisii na Nyamira mambo yalikwenda kinyume: elimu ya mbio ililetwa na Waingereza, nao wanafunzi ndio walioigeuza.

Waingereza walileta uwanja wa yadi 440, saa ya kupimia, na kanuni moja waliyoiheshimu mno: mkimbiaji wa masafa marefu na agawe nguvu zake sawasawa, asije akaishiwa njiani. Ni kanuni ya mtu mwenye kuweka akiba.

Nyandika Maiyoro wa Kisii hakuifuata. Julai 1954, akiwa mmoja wa vijana walioongozwa na Archie Evans, ofisa wa michezo wa koloni, alishindana maili tatu katika uwanja wa White City, London. Alikimbia pekupeku, akatoka mbio tangu mwanzo, akawaacha wenyeji mbali nyuma. Wengi waliotazama walidhani kijana huyu hajui atendalo. Walimpita baadaye, ni kweli. Lakini Fred Green na Chris Chataway waliivunja rekodi ya dunia, kwa dakika 13 na sekunde 32.2, katika mbio hizo walizomshinda. Naamini rekodi ile kwa sehemu ilikuwa kazi ya miguu ya Maiyoro. Muda mfupi baadaye, huko Vancouver, alikuwa wa nne. Na katika Olimpiki ya Rome, mwaka 1960, akawa wa sita katika mita 5,000.

Aliyefuata, Naftali Temu wa Nyamira, askari, alichanganya elimu zote mbili. Mexico City, mwaka 1968, katika mita 10,000, alivumilia kundini kama Mwingereza apendavyo. Katika mzunguko wa mwisho Mamo Wolde wa Ethiopia alichomoka, naye Temu akamfuata, akampita karibu na utepe. Ikawa medali ya kwanza ya dhahabu ya Kenya katika Olimpiki.

Wako wasemao kwamba ni hewa nyepesi ya mji ule tu, ulio mita 2,240 juu ya bahari, iliyompa ushindi mtu wa milimani. Basi na waitazame Kingston, Jamaika, mji ulio ufukweni. Huko, mwaka 1966, Temu alishinda maili sita, akamwacha Ron Clarke wa Australia, mwenye rekodi ya dunia, kwa zaidi ya sekunde 20.