Filbert Bayi, chalii wa Karatu aliyewaacha wote

Leo tuache habari za tesiti na bumu kuchelewa, tuongee historia kidogo.

Ukitoka alfajiri huku chini ya Mlima Meru lazima upishane na wakimbiaji wako mazoezini. Wengi wetu tunawapita tu. Jamani, hawa watu wana mkubwa wao kwenye hii kazi, anaitwa Filbert Bayi.

Bayi alizaliwa 1953 Karatu, mkoa wetu huu huu wa Arusha, baadaye akawa mwanajeshi wa JWTZ. Mwaka 1973 kule Lagos, kwenye Michezo ya Afrika, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya mita 1500. Keino huyo alikuwa bingwa wa Olimpiki ya 1968, si mchezo!

Ikaja tarehe 2 Februari 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand. Kawaida wa mita 1500 huwa wanaviziana, kila mtu anajificha nyuma ya mwenzake hadi mzunguko wa mwisho. Bayi hakuwa na hizo. Bastola ikilia tu yeye kashatoka, na wenzake wanajua kabisa atafanya hivyo, na bado hawamkamati. Mwenyeji John Walker alimfukuza hadi kwenye utepe, wapi! Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Walker naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, na bado akawa wa pili. Muda ule wa Bayi ulibaki kuwa rekodi ya michezo hiyo hadi 2022. Hesabuni wenyewe, miaka 48.

Mei 1975 akachukua na rekodi ya maili moja, Kingston, Jamaika: dakika 3 na sekunde 51.0. Agosti Walker akaivunja. Sasa dunia nzima ikawa inasubiri Olimpiki ya Montreal 1976, Bayi na Walker uso kwa uso.

Haikutokea. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu mwaka ule ule damu ya wanafunzi ilipomwagika Soweto. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand ifukuzwe Montreal, ikakataliwa, nyingi zikasusa. Tanzania, iliyokuwa na makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU pale Dar, isingeweza kubaki. Walker akachukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17, mbio za kuviziana. Siwezi kusema Bayi angeshinda. Ninachojua ni kwamba asingewaacha waviziane.

Mimi naona nchi ilikuwa sahihi. Lakini tukijisifu kwamba sisi tulisusa, tukumbuke kwamba hiyo "sisi" ina watu. Wengi wetu hatukupoteza kitu. Mwenye miaka 23, akiwa kwenye ubora wake, ndiye aliyelipa bili ya taifa, na miguu haisubiri miaka minne.

Moscow 1980 alihamia mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akaongoza kama kawaida yake, akapitwa mwishoni na Malinowski wa Poland. Akapata fedha. Suleiman Nyambui naye akapata fedha, mita 5000. Hadi Olimpiki ya Paris 2024 Tanzania haikuwa imepata medali nyingine ya Olimpiki.

Septemba 2025 Alphonce Simbu alitupa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Yeye alisubiri hadi hatua za mwisho, Bayi hakuwahi kusubiri. Tulimshangilia Simbu na ni haki yake. Ila Bayi naye ana deni kwetu la kukumbukwa, na hilo halihitaji medali.

Wadau mnasemaje, ingekuwa leo tungesusa? Nawasilisha.