Vyombo vya upasuaji: vya kutupa au vya kurudia, vipi nafuu?

Wagonjwa wengi wa pwani hupewa barua ya rufaa hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, kule Upper Hill, Nairobi. Wengine, wakiwa kwa jamaa zao Kawangware au Kangemi, hushonwa jeraha au hutahirisha watoto katika zahanati za mtaani. Kote huko pana swali moja la fedha: mkasi na vibano vitumike mara moja vitupwe, au vioshwe vitumike tena?

Sindano na nyembe hazimo katika hesabu hii. Hizo ni za mtu mmoja, kisha zitupwe. Swali ni la vyombo vya chuma kisichoshika kutu.

Tuchukue namba za mfano tu. Seti ya kurudia ni shilingi 12,000. Kuwasha mtambo wa mvuke mara moja, pamoja na sabuni, maji, stima na mshahara wa muoshaji, ni 800. Mtambo ukibeba seti nne, kila seti inagharimu 200. Seti ya kutupa ni 650, na kuiteketeza 50, jumla 700. Basi kila upasuaji unaokoa 500, na baada ya mara 24 seti ya kurudia imejilipa. Kuanzia hapo ni faida, mradi vyombo vitunzwe.

Lakini zahanati yenye mgonjwa mmoja kwa siku huwasha mtambo kwa seti moja. Kuosha pekee kunafika 800, kumeshaipita bei ya kutupa. Kwa hivyo kinachoamua si bei ya mkasi, bali mtambo unajaa au haujai. Hospitali kubwa huujaza kila siku. Zahanati ndogo ina njia tatu: kununua seti za kutosha ili zioshwe kwa pamoja, kupatana na hospitali jirani iwatakasie, au kununua za kutupa.

Hatari iko kwa anayetafuta njia ya nne: kuchemsha vyombo kwa sufuria, au kuosha vya kutupa na kuvirudia. Maji yanayochemka hayaui mbegu za vijidudu kama vya pepopunda. Vyombo vilivyofungwa vinahitaji mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 30, baada ya kusuguliwa damu yote itoke. Akiba ya shilingi mia chache yaweza kuishia kwa kidonda kilichooza na wiki nzima za kitanda.

Ndugu msomaji, usione haya kuuliza. Pakiti ifunguliwe mbele yako. Ikiwa ni ya kutupa, iwe haijafunguliwa wala muda wake haujapita. Ikiwa ni ya kurudia, utepe wake uwe na mistari iliyogeuka rangi. Utepe huo waonyesha tu kuwa pakiti imepita kwenye joto. Usipogeuka, pakiti hiyo irudishwe.