Lugha ya Amri, Lugha ya Majibu: Kiswahili na Sheli ya Programu katika Arua na Koboko

Makala haya yanahoji kwamba ugumu unaomkabili mwanafunzi wa Arua au Koboko anapofungua sheli ya programu kwa mara ya kwanza ni wa kihistoria kabla ya kuwa wa kiufundi. Katika West Nile, Kiswahili kilienea kwa kiasi kikubwa kupitia jeshi. Waingereza waliandikisha vijana wengi wa eneo hili katika King's African Rifles, na Kiswahili kikawa lugha ya kambini, lugha ya kupokea amri. Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko, alitumikia jeshi hilo, na mwaka 1973 serikali yake ikakitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kumbukumbu za utawala wake ziliwafanya wananchi wengi wakihusishe na mtutu wa bunduki.

Kompyuta nayo ilianza kwa amri za upande mmoja. Mtunzi wa programu alikabidhi kadi zilizotobolewa, akasubiri jibu kwa saa nyingi. Mwaka 1964, Kemeny na Kurtz wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walizindua BASIC, iliyomwezesha mwanafunzi kuandika na kujibiwa papo hapo. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ilirithi desturi hiyo: sheli husoma agizo, hulikokotoa, huchapisha jibu, kisha husubiri lingine.

Hatua za mwanzo ni chache. Mwanafunzi huandika python3, huona alama >>>, kisha huendelea:

>>> wanafunzi = 40
>>> wanafunzi / 8
5.0

Jina ni la Kiswahili, na mashine imelipokea. Lakini akiacha herufi moja, kosa lake huelezwa kwa Kiingereza. Hapo anayeanza anaweza kukata tamaa, si kwa kushindwa kufikiri, bali kwa kushindwa kuelewa alipokosea.

Tangu mwaka 2005 katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Na tangu mwaka 2013 Arua ina Chuo Kikuu cha Muni. Pendekezo letu ni dogo: jumbe za makosa zinazojitokeza mara kwa mara zifafanuliwe kwa Kiswahili na kubandikwa katika maabara za shule na vyuo. Kwa njia hiyo, lugha iliyozoeleka kwa kuamuru itapewa kazi ya kueleza.