Tanga kuukuu: likatwe upya au linunuliwe jingine?

Kila pepo zinapobadilika, wenye ngalawa, mashua na majahazi katika pwani yetu hukutana na swali hili: tanga limechoka, je, fundi alikate upya au itafutwe nguo mpya?

Tazama mambo mawili: umbo la tanga na nguvu ya kitambaa. Umbo hurekebishika. Kitambaa kilichokufa hakifufuki.

Dalili za umbo kuharibika
Tanga limefanya tumbo kubwa. Chombo kinainama sana lakini mwendo ni mdogo, na ukienda joshi kinasukumwa pembeni. Kabla ya kukata chochote, kaza kwanza kamba zinazofunga tanga kwenye foromali. Kagua pia kamba ya pindo; ikiwa imenywea, inakusanya kitambaa na kuongeza tumbo. Huenda hapo ndipo penye tatizo. Ikiwa sivyo, fundi hufumua mishono na kupunguza kidogo kwenye kila mmoja.

Dalili za kitambaa kufa
Pamba huozeshwa na unyevu. Nailoni, turubai la plastiki na viroba huuawa na jua. Shika kitambaa pembeni mwa mshono, ukivute kwa nguvu kwa mikono miwili. Kikichanika, hakina maisha. Pima sehemu kadhaa, hasa ukingo wa nyuma unaopigapiga na pembe inayofungwa demani. Ikiwa uzi umekatika lakini kitambaa kinavumilia, shona upya tu, kwani mara nyingi uzi hutangulia kufa.

Piga hesabu kwa msimu
Chukua mfano. Kukata upya ni shilingi 60,000 na tanga litadumu msimu 1. Jipya ni shilingi 200,000 na litadumu misimu 4. Jipya linakugharimu shilingi 50,000 kwa msimu, kwa hiyo ndilo rahisi ingawa linauma mfukoni siku ya kulinunua. Kama la zamani lingedumu misimu 2, lingekuwa shilingi 30,000 kwa msimu, na kulikata upya ndiyo busara.

Njia ya katikati
Ikiwa kingo zimechoka na katikati ni pazima, mwambie fundi akutolee tanga dogo. Vyombo vyetu vingi havina desturi ya kukunja tanga upepo ukizidi, hubadilishwa tanga. Dogo litakufaa kusi ikivuma kwa nguvu.

Usisahau usalama. Tanga bovu halichaniki ufukweni. Huchanika upepo ukiwa mkali, pengine mwamba ukiwa upande unakosukumwa. Kitambaa kikishindwa kipimo cha mikono, usikipeleke nje ya mwamba. Kifanye kivuli cha samaki.