Viwanda Kumi na Viwili, Korosho Hakuna

Ukifika Newala au Masasi, kusini mwa Tanzania, huenda ukaonyeshwa jengo kubwa lililosheheni magunia, ukaambiwa: hiki kilikuwa kiwanda.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Sehemu kubwa ilipakiwa melini ikiwa ghafi, ikaenda India kubanguliwa kwa mikono, hasa na wanawake wa Kerala. Kwa nini tusibangue wenyewe? Swali lilikuwa la haki. Ikakopwa fedha Benki ya Dunia na kwingineko, zikaja mashine za Italia na Japani, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vikawa 12, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka.

Kumbe mavuno yale ndiyo yalikuwa kilele cha zama zile. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja. Kusini familia zikahamishwa, mikorosho ikabaki nyuma, mingine mbali mno kwa mtu wa jembe la mkono. Na shamba la mikorosho halisamehe: lisipopaliliwa nyasi hupanda, zikikauka moto hupita, na ukipita umekwenda na mti. Bei nayo haikumvuta mtu kurudi porini. Mnunuzi alikuwa mmoja, shirika la serikali, na alilipa alichotaka. Ugonjwa wa ubwiriunga ulipothibitishwa mwaka 1979 ulikuta mikorosho mingi haina mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 kuna misimu ambayo nchi nzima haikufikisha tani 20,000. Vigawie viwanda 12.

Wapo wanaoutwisha ugonjwa lawama yote. Ni rahisi, maana ubwiriunga hauna wakili. Lakini serikali iliyomwondoa mkulima mikoroshoni ndiyo hiyo hiyo iliyotia saini mikopo ya kubangua korosho zake. Na mkopeshaji? Alikuwa na wataalamu, aliyaona mavuno yakishuka, na fedha akatoa. Viwanda vingine vilisimama kabla ya kuzoeana na wafanyakazi wake, deni halikusimama.

Miaka ya 1990 biashara ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, kisha serikali ikaviuza viwanda. Hapo ndipo ninapoona kosa lisilo na udhuru, kwa sababu mikorosho ilikuwa imeanza kupona, wakulima wakipuliza salfa. Malighafi ilirudi, ila baadhi ya waliouziwa waliona faida iko katika kuhifadhi korosho ghafi na kuzisafirisha, wala si katika kuajiri wabanguaji. Aliyeuza angeweza kuwabana. Hakuwabana vya kutosha.

Msimu wa 2017/18 mavuno yalivuka tani 300,000, mara mbili ya yale ya 1973/74. Sehemu kubwa iliondoka nchini na maganda yake.