Viti viwili vinatosha: Datsun 240Z na barabara zilizoifanya ipendwe

Tunduma gari hupimwa kwa kile linachobeba. Lori ni tani, Noah ni abiria, Probox ni vyote viwili, na kirikuu ni idadi ya magunia ya mahindi linayoweza kuyatoa Mlowo. Hata magari ya IT, yanayoshuka bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa zaidi ya kilomita 900 ili yavuke mpaka kwenda Zambia, Kongo au Zimbabwe, watu huyakagua kwa jicho hilo hilo: lina viti vingapi, na buti lake likoje? Siku likipita gari la viti viwili, boneti ndefu na nafasi ya begi moja nyuma, watu huuliza swali la haki kabisa. Nani hununua gari la namna hii, na la kazi gani?

Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua liko humu humu Afrika Mashariki, kwenye tope la Pasaka ya mwaka 1971 na ile ya 1973. Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Lilizinduliwa Japani mwishoni mwa mwaka 1969, na leo ni adimu kiasi kwamba mtu anaweza kukaa barabarani mwaka mzima asilione hata moja. Lakini walio nalo hawaliachii, na wengi wao hawalifungii gereji. Wanaliendesha, tena kwenye vumbi.

Ili kuelewa mapenzi hayo inabidi kuanza na mashindano yaliyolipa jina. Mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, wakazi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walianzisha mbio za magari zilizoitwa Coronation Safari. Baadaye zikawa East African Safari Rally, zikipita katika nchi zote tatu. Zilipangwa wakati wa Pasaka, na kila mkulima anajua Pasaka huangukia wapi katika kalenda ya mvua: ndani ya masika. Njia ilizidi kilomita 5,000, usiku na mchana, kwenye barabara ambazo hazikufungwa kwa ajili ya mtu yeyote. Basi la abiria lilikuwa na haki yake ya kupita, na kundi la ng'ombe vilevile. Kilichopimwa ni muda wa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Ukichelewa dakika, unaandikiwa adhabu ya dakika. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 yakawa saba tena.

Wajapani waliingia Safari mwaka huo huo wa 1963. Nissan, kampuni iliyokuwa ikiuza magari yake nje kwa jina la Datsun, ilipata kipigo. Watu wengine wangefungasha wakaondoka. Wao walirudi mwaka uliofuata, na ule uliofuata, wakitazama kilichovunjika na kukiunda upya: springi, shokapu, mahali ambapo bodi ilipasuka. Kule kwao jambo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1969 ilitoka filamu ya Kijapani kuhusu Safari, ambayo mhusika wake mkuu aliigizwa na nyota wao Yujiro Ishihara. Mwaka 1970 juhudi zilizaa matunda: Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na Hans Schüller, walishinda kwa Datsun 1600 SSS, gari la milango minne ambalo lingeweza kabisa kuwa la mwalimu mkuu au bwana shamba.

Mwaka uliofuata Nissan ilifanya jambo lililowashangaza wengi. Iliacha gari lililoshinda, ikaleta gari la viti viwili.

Lilikuwa gari lililobuniwa kuuzwa Marekani, kwa vijana waliotaka gari la michezo wasiloweza kulinunua kwa Wazungu kwa sababu ya bei. Injini yake ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, yenye kabureta mbili. Uzito wake ni kama tani moja tu. Magurudumu ya nyuma yanasukuma, na kila gurudumu lina springi yake linayocheza nayo peke yake, hivyo shimo la kushoto halilisumbui gurudumu la kulia. Dereva hukaa nyuma kabisa, karibu na ekseli, boneti yote ikiwa mbele yake. Gari likianza kuserereka kwenye tope, mgongo wake unajua kabla ya macho. Mafundi walichukua umbo hilo la mjini wakalifungia ngao ya mbele, taa kubwa za ziada, bamba la chuma chini ya sampo na matairi ya akiba nyuma, pale ambapo mwenye gari wa kawaida angeweka mizigo ya wikiendi.

Pasaka ya 1971 Herrmann na Schüller walishinda tena. Wa pili alikuwa kijana wa Uganda, Shekhar Mehta, akiwa na Mike Doughty, nao pia kwenye 240Z.

Hapo ndipo napenda kusimama kidogo, kwa sababu mengi yaliyoandikwa juu ya gari hili husifu injini na umbo lake, yakaviruka viti. Kwenye Safari viti viwili havikuwa anasa. Kimoja kilikuwa cha dereva, cha pili cha msoma njia, aliyeshika saa, ramani na daftari la kila daraja, kila korongo na kila kona iliyojificha nyuma ya kichuguu. Dereva aliendesha kwa masikio ya mwenzake. Gari likikwama, msoma njia ndiye aliyeshuka kwanza kwenye tope, na magari mengi ya Safari yalifungwa vishikio nyuma ili asimame juu ya bampa na kuyapa matairi uzito wa kushikia ardhi. Baada ya siku tatu au nne bila kulala vizuri, watu hao wawili walikuwa wanajuana kuliko ndugu. Gari halikuwa na nafasi ya wa tatu kwa sababu kazi haikuwa na nafasi ya wa tatu.

Msomaji wa Songwe hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo, maana huku tunaifahamu kabini ya watu wawili tangu zamani: dereva na utingo. Tena miaka inalingana. Novemba 11, 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia, Zambia ilijikuta haiwezi tena kuitegemea njia yake ya kusini. Mafuta yakaanza kupelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, mapipa kwa mapipa, kupitia Iringa, Mbeya na Tunduma, na shaba ikirudi kwa njia hiyo hiyo. Barabara ilikuwa ya udongo. Kiangazi vumbi lilimficha dereva lori lililo mbele yake. Masika malori yalizama hadi ekseli. Wageni waliiita Njia ya Jehanamu, na waliopoteza ndugu humo hawakuona kuwa wametia chumvi. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968 mzigo ulipungua, na lami ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, iliyojengwa kwa mchango mkubwa wa fedha za Marekani, ilikamilika kuelekea katikati ya miaka ya 1970, huku Wachina wakitandaza reli ya TAZARA jirani yake.

Safari yenyewe ilijulikana zaidi kwa njia zake za kaskazini: Mbulu, Oldeani, milima ya Usambara. Lakini udongo ni ule ule, na masika ni yale yale. Wakati Herrmann anapambana na tope la kaskazini kwa ajili ya kombe, madereva wa malori walikuwa wanapambana na tope la kusini kwa ajili ya mshahara. Sioni sababu ya kumheshimu mmoja nikamsahau mwingine.

Mwaka 1972 ushindi ulikwenda kwa Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm kwenye Ford Escort, wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kuishinda Safari. Ni mwaka huo huo Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda. Mehta, mzaliwa wa nchi hiyo, akahamia Kenya. Pasaka ya 1973 alirudi kwenye 240Z, safari hii akiwa na Lofty Drews kwenye kiti cha pili. Mwisho wa mbio, yeye na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, walikuwa na dakika za adhabu sawasawa. Waamuzi wakafungua vitabu kutazama nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Alikuwa Mehta. Mtu aliyepoteza nchi miezi michache tu kabla, akawa bingwa wa mbio za Afrika Mashariki. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na hakuna aliyeivunja rekodi hiyo ya ushindi mara tano. Alifariki London mwaka 2006.

Baada ya 1973 mbio zilibaki Kenya peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilivunjika mwaka 1977. Nissan ilitengeneza zaidi ya nusu milioni ya magari ya familia hiyo ya Z, pamoja na 260Z na 280Z yaliyofuata, hadi mwaka 1978, na sehemu kubwa mno ilikwenda Marekani. Yaliyobaki yakaliwa na kutu, kwa sababu chuma cha miaka ile kilikuwa chembamba na kinga yake hafifu.

Kwa nini basi mtu aliyepata moja leo asiliweke tu chini ya turubai, kama mali?

Sababu ya kwanza inajionyesha asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Mkono wa choki uko katikati ya viti, karibu na gia. Unauvuta, unawasha, injini inashtuka, inakohoa kidogo, halafu silinda sita zinaanza kuongea kwa zamu. Unarudisha choki polepole kadiri joto linavyopanda. Hakuna kompyuta inayokufanyia hesabu hiyo. Ukikosea, plagi zinalowa mafuta na unakaa chini kusubiri. Ukipatia, unajua umepatia wewe. Boneti hufungukia mbele, na ukiinama unaona kila kitu: kabureta mbili upande mmoja, distributa, rejeta, nafasi ya kuingiza mkono hadi kiwiko. Fundi yeyote mwenye bisibisi, sikio zuri na subira anaweza kuirekebisha chini ya mwembe. Mafundi wetu waliokulia kwenye Datsun za zamani wangeitambua mara moja, maana injini za ukoo huo zilifungwa kwenye magari mengi ya kampuni ile.

Sababu ya pili ni usukani. Hausaidiwi na pampu ya haidroliki wala umeme. Ukiwa umesimama ni mzito. Ukishaanza kwenda unakuwa mwepesi na unasema kweli. Kokoto, mchanga, ukingo wa lami uliomeguka, kila kimoja kinafika kwenye kiganja kwa namna yake. Magari ya sasa yamejengwa ili barabara isijulikane. Aliyezoea 240Z akiingia kwenye gari jipya hujiona amevalishwa glavu.

Ya tatu ni ile ya kiti cha pili, na kwangu ndiyo kubwa. Tangu mwaka 2003, miaka hamsini baada ya mbio za kwanza, kuna mashindano yaitwayo East African Safari Classic Rally, ya magari ya zamani peke yake, yakipita Kenya na, katika misimu kadhaa, Tanzania. Mshindi wa kwanza kabisa alikuwa Rob Collinge wa Kenya, akisomewa njia na Anton Levitan, kwenye Datsun 260Z, mdogo wake 240Z. Huko washiriki wanavunja vitu vya thamani kwa hiari yao, wanavilehemu usiku, na asubuhi wanaondoka tena, wawili wawili. Gari la viti saba hukupa abiria. La viti viwili hukupa mwenzako, anayeona unachokiona na kuchoka unapochoka.

Je, lingefaa huku kwetu? Kwa kubeba, hapana, na nisingemshauri mtu mwenye familia na shamba Ileje alitamani. Kwa barabara, lingefaa kuliko watu wanavyodhani. Kutoka Tunduma hadi Vwawa lingekwenda bila shida, na kwenye mteremko wa Senjele, ambako malori yamemaliza watu wengi kwa breki zilizochemka, uzito wake wa tani moja ungekuwa faida tupu, alimradi dereva aheshimu mlima na malori yaliyo nyuma yake. Upande wa Sumbawanga tangu lami ikamilike ndiyo njia ambayo injini ile ya silinda sita ingeifurahia: ndefu, wazi, yenye kona chache. Tatizo lingekuwa vipuri. Matairi ya saizi yake ni ya kuagiza, raba za milango ni za kutafuta duniani kote, na paneli za bodi ni za kufua kwa mkono.

Gari lile lililoshinda mwaka 1971 halikupotea. Nissan ililihifadhi Japani, na mwaka 2013 wafanyakazi wa kampuni, wakifanya kazi hiyo kama chama cha wapenda magari ya kale, walilifufua hadi likatembea tena kwa injini yake. Rangi ni ile ile ya Safari: bodi nyekundu, boneti nyeusi isiyomwakisia dereva jua machoni.