Mgongo wa Picha

Katika sebule nyingi za Katuba na Kenya, mitaa ya Lubumbashi, picha kubwa kuliko zote ukutani ni ya mtu aliyekwisha kufa. Kavaa suti, mkono mmoja juu ya kiti, macho yamekazwa mbele. Ya kwetu ilikuwa ya babu. Msimu mmoja wa mvua tukaona doa linalong'aa begani mwake, kama tone la mafuta. Mama akaishusha na kuipeleka kwa fundi wa fremu sokoni. Mzee yule akaigeuza, akang'oa vimisumari, akajaribu kuinua kona ya karatasi kwa ukucha, kisha akaacha. "Mama, tusivute," akasema. "Tukivuta, sura itabaki kwenye kioo."

Alisema kweli. Sura ya picha ya zamani ya karatasi haimo ndani ya karatasi yenyewe. Imebebwa na utando mwembamba wa jelatini uliopakwa juu yake. Unyevu wa Januari ukiingia, utando ule hulainika, na kama umelazwa moja kwa moja juu ya kioo, hushikana nacho. Nyuma, babu alikuwa amebandikwa kwa gundi juu ya katoni ya sanduku la bidhaa. Mbele alikuwa ameshikwa na kioo. Mpaka leo yuko hivyo, na bega moja limeliwa.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kugeuza picha nitazame mgongo. Historia ya picha za Lubumbashi, kwa macho yangu, inasomeka vizuri zaidi upande huo: nani aliibandika, juu ya nini, na alitaka inunuliwe na nani.

Kubandika kulianza kwa shida ya karatasi. Picha nyingi za karne ya 19 zilichapwa kwenye karatasi nyembamba iliyopakwa ute wa yai, na ilipokauka ilijikunja kama jani la tumbaku. Haikuuzika mpaka ipate kitu kigumu nyuma yake. Mwaka 1854, mjini Paris, André Disdéri alisajili haki ya picha ndogo zilizobandikwa kwenye kadi, za ukubwa wa kutia mfukoni, na biashara ikaenea dunia nzima. Pwani yetu ya Waswahili nayo ikaipokea. Studio ya Mgoa A. C. Gomes, Zanzibar, iliwauzia wasafiri picha za mji na watu wake zikiwa juu ya kadi ngumu. Kadi ilibeba pia jina la mpiga picha, kwa hiyo kila picha iliyosafiri ilisafiri na tangazo lake.

Huku Katanga, jimbo la Lubumbashi, mambo yalianza kwa njia nyingine. Kamera ilikuja na msafara. Kati ya 1898 na 1900, Charles Lemaire aliongoza msafara wa kisayansi kupitia nchi hii, akiwa na mpiga picha François Michel na mchoraji Léon Dardenne. Picha zile hazikupigwa ili aliyepigwa azinunue. Zilikwenda Ubelgiji. Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ikafika na mji wa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ukaanzishwa, na mwaka uliofuata tanuri la shaba likawashwa kando ya mto Lubumbashi. Kampuni ikapiga picha kila kitu: mashine, makambi, hospitali, wafanyakazi waliopangwa mstari. Walioonekana kwenye picha hawakuwa wanunuzi wake.

Waliouza picha za Kongo kwa wingi waliwalenga wageni. Casimir Zagourski, aliyefungua studio Léopoldville mwaka 1924, alitoa mfululizo wake wa "Afrika Inayotoweka" kama kadi za posta na albamu. Jina lenyewe linaeleza mteja alikuwa nani. Mtu hauziwi sura yake mwenyewe kwa kuambiwa kwamba anatoweka.

Mji ulipokua, watu wa makambi ya kampuni na wa sité, yaani mitaa ya Waafrika, wakaanza kujipigisha picha wenyewe. Hapo ndipo picha ilipopata kazi ambayo kwa Kiswahili cha hapa ina jina zuri kuliko yote: ukumbusho. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefanya utafiti Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, katika miaka ya 1970, alilikuta neno hili vinywani mwa wachoraji na wanunuzi wao. Picha ya ukumbusho haikuwekwa ukutani kwa uzuri tu. Iliwekwa ili mgeni aulize na mwenye nyumba asimulie.

Miaka ile ukuta wa Lubumbashi ulitawaliwa na tablo, yaani picha za kuchorwa. Mchoraji alikata gunia la unga, akalipaka rangi nyeupe ya msingi, akalikaza kwa misumari juu ya vipande vya mbao, akachora Mamba Muntu, yaani nguva, Koloni la Wabelgiji, kifo cha Lumumba, kisha akaipeleka mitaani kuuza. Tshibumba Kanda-Matulu, mashuhuri kuliko wote, alimchorea Fabian historia nzima ya nchi kwa tablo zaidi ya mia moja, na Fabian akazitoa katika kitabu mwaka 1996. Nikizitazama kazi zile, akili yangu haiendi kwenye rangi kwanza. Inakwenda kwenye lile gunia. Kitambaa kinapumua: mvua ikija kinalegea, kiangazi kikija kinakaza, na hakuna kioo cha kukishika. Wachoraji wale, kwa gunia lililokwisha kutoa unga wake, walikuwa wametatua tatizo lililomla babu yangu bega.

Kisha wanunuzi wakaisha. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi Union Minière, ikaanguka nao, mishahara ikakatika, na mtu asiye na mshahara hanunui tablo. Kwenye kuta yakaja mabango ya karatasi kutoka China: maporomoko ya maji, nyumba za kifahari, bustani zenye maua yasiyo ya huku. Ni ya bei ndogo, na hayadai fremu. Pini nne zinatosha. Mpiga picha Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, aliyachukulia kwa uzito mabango haya. Katika mfululizo wake wa Kolwezi aliyaweka ubavuni mwa picha alizopiga kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, shimo upande huu, jumba la ndoto upande ule.

Lakini kazi yake inayonigusa zaidi ni ile ya 2006 aliyoiita Mémoire. Alizichukua picha za zamani za Union Minière, zile zile zilizopigwa kwa ajili ya macho ya mbali, akawakata wafanyakazi na wasimamizi kutoka kwenye mandhari yao, akawasimamisha wakiwa bado weusi na weupe juu ya picha ndefu za rangi alizopiga mwenyewe: viwanda vilivyokufa, mabati yaliyotoboka, vyuma vilivyoota kutu. Babu zetu walirudi kazini na kukuta kazi imeondoka. Mimi naisema hivi: Baloji aliwabandua kwenye katoni ya kampuni akawapa mgongo mwingine. Mwaka 2007 alipata tuzo kwenye maonyesho ya picha ya Bamako, mwaka 2010 kazi hiyo ikaonyeshwa New York, na mwaka 2015 alikuwa Venice katika banda la Ubelgiji.

Nyumbani, mwaka 2008, yeye na wenzake, akiwemo mwandishi Patrick Mudekereza, walianzisha maonyesho ya picha na video yanayorudi kila baada ya miaka kadhaa, na sasa yanajulikana kama Biennale ya Lubumbashi. Kituo chao wakakiita Picha, neno letu tu, bila kulitafsiri kwa ajili ya mtu yeyote.

Maonyesho ya namna hii yamewafundisha vijana wetu ufundi ambao fundi wa sokoni hakuwahi kufundishwa. Picha ya kuuzwa kwa mkusanyaji haigundishwi mwili mzima. Inashikizwa kwa vipande viwili vya karatasi laini kwenye ukingo wa juu tu, kwa uji wa wanga unaoweza kulowanishwa na kubanduliwa hata baada ya miaka mingi, ili karatasi iliyobaki iwe huru kutanuka na kunywea. Juu yake inawekwa karatasi nene yenye dirisha lililokatwa katikati. Wengi hudhani dirisha lile ni pambo. Kazi yake kubwa ni kuitenga picha na kioo. Na karatasi nene hiyo isiwe na asidi, maana katoni ya kawaida huichoma picha polepole, na baada ya miaka utaona mstari wa kahawia ukifuata ukingo wake. Katika mji wenye miezi ya mvua nzito kuanzia Novemba na kiangazi kikavu chenye vumbi katikati ya mwaka, karatasi haikai siku moja na kipimo kile kile. Anayeigundisha yote anaifunga kamba.

Inaniuma kwamba elimu hii inaishia kwenye picha zinazopanda ndege. Picha zetu zinazokwenda ng'ambo zinavikwa vizuri, na zile za sebuleni, zenye sura za wachimbaji, za mama wa makambi, za walimu na wanamuziki wa mtaa wa Kamalondo, zinaendelea kufia kwenye kioo kila masika. Nyingi hazina nakala. Nyingi hazina hata jina nyuma.

Basi, kabla mvua hazijaanza, shusha picha moja tu. Kama imeshikana na kioo, usiibandue. Ipige picha kwa simu vile ilivyo, kioo na yote, bila mwanga wa moja kwa moja. Kama haijashikana, mwambie fundi akate vipande vyembamba vya karatasi ngumu avipange kwenye kingo nne kati ya picha na kioo, na asitie gundi. Kisha igeuze, na kwa penseli laini, si kalamu ya wino, andika jina la mtu, mtaa na mwaka, ukimuuliza mwenye kukumbuka angali hai. Kwetu aliyekumbuka mwaka alikuwa shangazi, na alikumbuka pia kwamba ile suti iliazimwa kwa jirani.